Pima ya Mama

Nilimaliza kidato cha nne nikiweza kukutajia, bila hata kuvuta pumzi, sababu sita za kukua kwa mji wa Bagamoyo katika karne ya 19. Bandari, misafara, pembe za ndovu, watumwa, ukaribu na Zanzibar, na ya sita nimeshaisahau. Nilizikariri, mtihani ukaziuliza, nikapata maksi zangu. Lakini Bagamoyo yenyewe sikuwa nimeiona kwa macho, na kutoka kwetu Dar es Salaam ni kilometa 70 hivi tu! Ndugu msomaji, kama nawe ulisoma hivyo, usione haya. Tuko wengi.

Leo nataka kuandika juu ya kusoma kwa mikono na miguu, jambo lenye historia ndefu katika nchi yetu, na historia yenyewe si tamu yote. Nianzie barazani kwetu.

Machi 17, 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Watoto wa mtaa wakawa wanazurura tu. Mimi sikuwa na kazi, nahangaika na riwaya yangu isiyokwisha. Wazazi watatu wanne wakaniomba niwafundishe watoto wao, wachache wachache, wakae mbalimbali. Shule zilipofunguliwa watoto hawakuacha kuja. Tukabaki na Jumamosi. Mwaka uliofuata likaja wazo la safari. Kila mtoto aje na nauli na chakula chake, twende Bagamoyo.

Mama mmoja akakataa. Huyu mama husuka mikeka na kuiuza, na binti yake wa darasa la tano ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote pale barazani.

"Mwalimu, mwanangu anakwenda kusoma au anakwenda kutembea?" aliniuliza. "Hayo mambo ya vitendo tuliyafanya sisi. Nimelima shamba la shule miaka saba, nikatoka na sugu. Huyu nataka ashike kalamu."

Sikuwa na jibu la haraka, maana alichokisema nakijua. Katika shule niliyosoma, jembe lilikuwa adhabu. Ukichelewa, unapimiwa eneo la kulima. Ukiongea kilugha, hivyo hivyo. Tulilima mahindi miaka minne na hatukuambiwa hata siku moja yalipatikana magunia mangapi, wala yalikwenda wapi.

Na hofu ya yule mama haikuanza jana. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: kilimo, afya, kazi za mikono. Ukisoma kwa haraka utasema ni ushauri mzuri. Lakini wazazi wengi wa Kiafrika walitia shaka. Waliona watoto wa wazungu wanapewa vitabu na wa kwao wanapewa jembe, wakajiuliza: huku si kutuandalia vibarua?

Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Hapo jembe likarudi shuleni, ila kwa nia nyingine. Mwalimu alitaka shule iwe na shamba au karakana, na alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi, waone mapato na matumizi, wajue kwa nini shamba hili limezaa na lile limegoma. Kwa maneno mengine, shamba liwe somo. Mahali pengi jembe lilibaki, mahesabu na maswali yakapotea njiani. Huyo mama aliyapokea makombo ya wazo zuri, nami pia.

Lakini tusiseme kwamba halikuwahi kufanikiwa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu, wakijadiliana juu ya malaria na kuhara. Baada ya mjadala, kikundi kinainuka kuchimba choo au kufyeka majani. Hawa hawakuwa na darasa wala kengele. Jembe lao ni lile lile, isipokuwa lilitanguliwa na swali.

Basi nikarudi kwa yule mama nikamwambia: "Mama, akirudi hana alichojifunza, nauli yako nakurudishia." Akanitazama, akacheka kidogo, akakubali.

Bagamoyo tukapiga hodi kwenye nyumba moja kongwe ya mawe, mzee mwenye nyumba akatukaribisha. Nikawaambia watoto rula zibaki mifukoni. Tutapima kama walivyopima wazee wetu: shibiri, toka kidole gumba hadi cha mwisho ukinyoosha kiganja, dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, dhiraa mbili ni wari, na pima, mikono yote miwili ukiitandaza.

Yule binti akapima chumba. Urefu ulikuwa mkubwa, upana ukawa pima mbili kasoro shibiri. "Mbona wamejenga kama korido?" akauliza. Nikajiandaa kuhutubia, lakini yeye alikuwa ameshainua macho darini. Akaziona boriti za mikoko zimelala kutoka ukuta hadi ukuta. "Aa! Mti umeishia hapo!"

Naam. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari nzito la mawe na chokaa haiendi mbali, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani vikawa virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au karibu tatu. Mikoko ndiyo iliyochora ramani ya nyumba. Tajiri angeweza kuongeza urefu au ghorofa, upana asingeuweza. Sitaficha aibu yangu: katika riwaya yangu kulikuwa na mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye sebule pana kama uwanja wa mpira. Niliporudi nyumbani niliibomoa.

Kukazuka ugomvi. Kijana mmoja mrefu alipima chumba kile kile akapata kipimo kingine. "Wewe una mikono mifupi!" Nikawaacha wabishane, kisha nikawaambia kwamba huko nyuma ugomvi huo ulikuwa wa fedha. Misafara iliyotoka hapa kwenda bara ilibeba nguo kama sarafu. Shuka moja ilikuwa dhiraa nne, shuka mbili ndiyo doti, neno ambalo mama zetu wanalitumia hadi leo kwa khanga. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, mizigo yake mingi ilikuwa nguo, shanga na waya. Nguo iliyopendwa iliitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani. Kwa nguo hiyo ulinunua chakula, ukalipa hongo kwa mtemi, ukanunua pembe. Ukanunua na watu.

Yule binti akautazama mkono wake. "Mtu mmoja alikuwa dhiraa ngapi?"

Hapo pakanyamaza. Katika sababu zangu sita, "watumwa" lilikuwa neno moja, unaliandika unaweka mkato unaendelea. Nikamwambia kwamba bei ilibadilika mahali na mahali, na wakati wa njaa mtu alikuwa rahisi zaidi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Namba sikumpa. Hakuuliza tena, na ndani ya basi alikaa kimya muda mrefu.

Jioni alimkuta mama yake anapima ukili kwa kutandaza mikono. "Mama, kumbe hiyo ni pima! Ndiyo tuliyopimia nyumba!" Mama alikuwa anajua pima toka utotoni, alifundishwa na mama yake, mkekani, si shuleni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo nayo ni elimu.

Jumamosi iliyofuata alikuja barazani na mafungu ya miyaa, akakaa chini, akawaonyesha watoto kuanza ukili. Walipoondoka akaniuliza, "Mwalimu, mtihani utaliuliza hili?"

"Hapana, mama."

"Basi na lile la mtihani ulifundishe vilevile."

Tangu siku hiyo tunafundisha yote mawili. Nauli yake hakuidai.