Seva za Linux kwa kampuni ndogo ya intaneti: Namna ya kupanga na kusaka hitilafu

Mji mdogo kama Kithimani, katika Kaunti ya Machakos, unaweza kuhudumiwa na kampuni ya intaneti yenye mlingoti mmoja na seva mbili. Huduma inapokatika, mwenye saiberi hushindwa kuwasaidia wanaotafuta stakabadhi za serikali katika eCitizen, na mwanafunzi hukosa kuwasilisha kazi yake. Hivyo basi, seva hupangwa kwa kuzingatia kwanza jinsi hitilafu itakavyogunduliwa na kurekebishwa upesi.

Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds jijini Helsinki, Finland, mwaka 1991, hupendwa na kampuni za aina hii kwa kuwa aina zake nyingi, kama vile Debian, hazitozwi ada ya leseni.

Kupanga

Hesabu huanza na wateja. Chukua mfano wa wateja 60 walioahidiwa megabiti 5 kwa sekunde kila mmoja. Wote wakitumia kwa pamoja, zitahitajika megabiti 300. Kwa kawaida hawatumii kwa wakati mmoja, lakini kipimo halisi ni matumizi ya saa za jioni, wala si wastani wa siku nzima.

Kazi nazo zigawanywe. Seva moja ielekeze mawasiliano ya wateja. Ya pili itafsiri majina ya tovuti na kutunza hesabu za malipo. Kila seva iwe na diski mbili zenye data sawa. Hata hivyo, diski pacha si nakala ya akiba: faili ikifutwa kimakosa, hufutika kote kuwili. Nakala ihifadhiwe kwingine, na ijaribiwe.

Umeme usisahaulike. Mwaka 2023 Kenya ilikumbwa na giza la nchi nzima mnamo Agosti 25, na tena Novemba na Desemba. Betri pamoja na paneli za sola ni sehemu ya seva, si anasa.

Muda wa toleo la mfumo uangaliwe pia. CentOS 7, iliyotumiwa na wengi, iliacha kupokea marekebisho ya usalama kutoka kwa watayarishaji wake Juni 30, 2024.

Kusaka hitilafu

Mkulima anayekosa maji ya mfereji wa Yatta, unaotoka Mto Thika, huufuata mfereji kuelekea mtoni hadi akute kizuizi. Fundi wa seva hufanya vivyo hivyo:

1. Akague umeme, nyaya na taa za mitambo.

2. Atume amri ya ping kwa mtambo wa mlingotini, kisha kwa kampuni inayomuuzia intaneti, kisha kwa anwani ya mbali kama 8.8.8.8.

3. Anwani ikijibu lakini jina la tovuti lisijibu, kasoro iko katika huduma ya majina, si katika laini.

4. Atumie amri ya df -h kuona iwapo diski imejaa. Kumbukumbu za mfumo zisizopunguzwa huijaza kimyakimya.

5. Kurasa zikifunguka kwa baadhi ya wateja na kukwama kwa wengine, asome dmesg. Maneno "nf_conntrack: table full" humaanisha orodha ya miunganisho imefurika na yafaa ipanuliwe.

Wakati mwingine kasoro iko mbali. Mnamo Mei 12, 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na SEACOM kulidhoofisha intaneti Afrika Mashariki. Tovuti zilizohifadhiwa humu nchini hazilazimiki kupitia baharini: kituo cha KIXP jijini Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2000, kikafungwa, kisha kikarejea 2002, huziwezesha kampuni kubadilishana data papa hapa Kenya.

Mwisho, kila hitilafu iandikwe daftarini: saa, dalili, chanzo na tiba. Fundi akiwa safarini, daftari hilo ndilo litakalomwongoza atakayeshika zamu.