Fegi inauzwa moja moja, dawa ya kuiacha boksi zima

Simama stage ya Kaplong saa kumi na mbili asubuhi, pale barabara ya Kericho inakutana na ile ya kutoka Bomet kwenda Sotik na Kisii. Kabla gari ijae, makanga ananunua fegi moja kwa kibanda, anaiwasha na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba, kisha anarudi kuita abiria. Hatua chache kutoka hapo kuna kemisti, bado imefungwa. Ikifunguliwa, huyo huyo makanga ataingia kununua dawa ya kikohozi.

Nimeona hiyo picha miaka mingi bila kuifikiria. Halafu mjomba wangu akaamua kuacha sigara. Akaingia kemisti moja, sitaitaja, akamwambia dada wa kaunta, "Daktari, nataka dawa ya kuacha sigara." Dada akacheka kidogo. "Mzee, hiyo ni kujikaza tu." Akamuuzia dawa ya kikohozi na peremende za minti. Mjomba alijikaza siku tisa. Siku ya kumi akarudi kibandani, na nyumbani tukasema hana msimamo.

Mimi pia nilisema hivyo. Siku hizi sisemi, na sababu iko kwenye historia.

Tumbaku si mgeni huku. Wazee walinusa ugoro zamani, lakini ugoro ulikuwa wa wazee na ulikuwa na wakati wake. Sigara ya kiwanda ilikuja na mpango tofauti. British American Tobacco inahesabu biashara yake Kenya kuanzia 1907, na kufikia miaka ya 1970 wakulima walikuwa wanalima tumbaku kwa mkataba, wakikopeshwa mbegu na mbolea. Fuata barabara yetu upite Kisii, utafika Migori, mojawapo ya sehemu hizo. Sigara ikapanda magari yale yale ya sabuni na sukari mpaka kibanda cha mwisho kijijini. Popote unapoweza kununua chumvi, unaweza kununua nikotini.

Serikali ilishtuka baadaye, lakini ilishtuka. Mwaka 2004 Kenya ilitia sahihi na kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku 2007, ikaanza kazi Julai 2008. Usivute mahali pa umma. Usimuuzie aliye chini ya miaka 18. Usiuze sigara nje ya pakiti, na pakiti isiwe na chini ya sigara 10. Kanuni za 2014 ziliposhindaniwa mahakamani na BAT, kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 kampuni ikashindwa.

Huo ni ushindi wa kweli, tusiuchukulie poa. Lakini ukisoma hiyo orodha utaona sheria imejaa "usi". Mkataba wa 2004 una pia Kifungu cha 14, kinachosema nchi zimsaidie mtu aliyezoea tumbaku aweze kuacha. Hicho ndicho kilibaki nyuma. Na si kwamba watu hawataki. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima karibu milioni 2.5 wanatumia tumbaku, na zaidi ya 7 kati ya kila wavutaji 10 walikuwa wanapanga au wanafikiria kuacha. Mjomba si wa ajabu. Yeye ndiye wengi.

Sasa, hiyo ya "kujikaza tu". Mwaka 1967 msomi mmoja wa Sweden, Claes Lundgren, alimwandikia rafiki yake Ove Fernö aliyefanya kazi kwa kampuni ya dawa. Lundgren alikuwa ameona kitu: mabaharia wa nyambizi, ambao hawawezi kuwasha sigara chini ya maji, walikuwa wanatafuna tumbaku na kutulia. Kumbe mwili haulilii moshi, unalilia nikotini. Fernö, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, akatengeneza chingamu ya nikotini. Mwaka 1978 Uswisi ikaikubali kama dawa.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Lami na monoksidi ya kaboni ya sigara ndizo zinaharibu mapafu na moyo. Chingamu au plasta inakupa nikotini kidogo kidogo bila huo moshi, unapunguza kwa wiki kadhaa, kiu inashuka. Chingamu yenyewe huitafuni kama Big G: unatafuna kidogo, unaiegesha kando ya shavu, unangoja. Usipoambiwa hivyo utaitafuna vibaya, uchafukwe na tumbo, useme dawa ni bure. Mtu wa kukuambia ni nani? Ni yule wa kaunta. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Na kuna ushahidi wa kaunta yenyewe. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa maduka ya dawa ya Ireland ya Kaskazini na London, kwa wavutaji 484. Kundi moja lilihudumiwa na wafamasia waliofundishwa: walikaa chini na mteja, wakapanga siku ya kuacha, wakaendelea kumfuatilia. Kundi lingine lilipewa huduma ya kawaida. Baada ya mwaka, waliokuwa bado hawavuti walikuwa 14.3% upande wa kwanza na 2.7% upande wa pili. Utasema 14 kwa 100 ni wachache. Sawa, lakini linganisha na watatu. Na hao wengine walirudi mahali walipoanzia, wanaweza kujaribu tena.

Hapa ndipo historia yetu inaniuma. Mwaka 2019 vifuko vya nikotini vya Lyft, bidhaa ya BAT, viliingia soko la Kenya, na vilikuwa vimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, bodi ya dawa. Mwaka 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akasema usajili huo haukufaa, bidhaa kama hiyo iwe chini ya sheria ya tumbaku. Vikatoka sokoni, na 2022 vikarudi kwa jina Velo. Yaani mlango wa dawa ulifunguka haraka kwa nikotini ya kustarehesha vijana, wakati mzee wa Kaplong aliyetaka kuacha anaambiwa ajikaze.

Angalia pia hesabu. Sheria imekataza sigara moja moja, lakini kibandani ndivyo inauzwa, kwa sarafu za mfukoni. Dawa ya kuacha, ukiipata, inauzwa boksi zima. Mtu wa kibarua cha kuchuma chai atachagua nini?

Najua kemisti ni biashara na ina kodi ya kulipa. Siombi kliniki. Naomba mambo matatu. Moja, yeyote anayenunua dawa ya kikohozi aulizwe, kwa heshima, kama anavuta na kama angependa kuacha. Mbili, kaunti za Bomet na Kericho ziwafundishe wahudumu wa kaunta, hata kwa siku moja, na zisaidie bei ya chingamu na plasta. Tatu, namba ya bure ya NACADA, 1192, ibandikwe pale pale kwenye dirisha la dawa.

Wasee, kibanda kilishinda kwa sababu kiko karibu. Kemisti pia iko karibu, na wengine huiendea kabla ya hospitali.

Mjomba amesema atajaribu tena baada ya msimu huu wa mahindi. Safari hii nitaenda naye mpaka kaunta. Wewe una mtu kama yeye nyumbani? Mwulize kwanza kama anataka kuacha, kabla hujamwambia aache.