Baba wa Charles Dickens Katika Kitabu cha Mwanawe

Huenda tukadhani ya kuwa baba asiyekuwapo hana kazi tena nyumbani mwake. Charles Dickens, Mwingereza mtunga hadithi, aliona sivyo.

Mwezi wa Februari, 1824, baba yake, John Dickens, alikamatwa huko London kwa deni la pauni 40 na shilingi 10, akatiwa katika gereza la Marshalsea. Siku zile Waingereza waliweza kumfunga mdeni mpaka alipe (naye aliyefungwa atapata wapi cha kulipa?). Charles alikuwa na umri wa miaka 12, naye alipelekwa kubandika karatasi juu ya vikopo vya dawa ya viatu. Vitabu vya baba yake, alivyovipenda tangu udogo, alivichukua kwa mikono yake mwenyewe kwenda kuviuza. Hata baba alipofunguliwa mwezi wa Mei, mtoto hakuondolewa kazini upesi. Uchungu ule aliuficha sana. Watu hawakuujua mpaka alipokwisha kufa, rafiki yake John Forster alipoandika habari za maisha yake.

Lakini alikuwa ameusema zamani kwa fumbo, katika hadithi ya David Copperfield, iliyotolewa sehemu kwa sehemu kila mwezi tangu Mei 1849 hata Novemba 1850. David alizaliwa miezi sita baada ya baba yake kufa. Kaburi li karibu na nyumba, na mtoto amwonea marehemu huruma, kwa kuwa usiku ndani mna moto na taa, naye amefungiwa nje gizani. Baba huyo aliacha nini? Aliacha vitabu vichache katika chumba kidogo cha juu. Wala hapana mwingine avitazamaye. Baba wa kambo, mtu mkali, amtesapo David, vitabu vile ndivyo vimfarijivyo. Na mwisho awa mwandishi.

Tena yumo Bwana Micawber, mwenye maneno mengi na madeni mengi, afungwaye gerezani. Huyo ndiye mfano wa John Dickens. Mimi naona mwana alimgawanya baba yake: mmoja amlaza kaburini pamoja na heshima yake, wa pili amcheka pasipo kumchukia. Maana John alikuwa hai hadithi ilipotolewa. Alikufa Machi 1851.

Mwaka 1855 Charles alianza kutoa hadithi nyingine, Little Dorrit. Gereza la Marshalsea lilikuwa limekwisha kufungwa tangu 1842. Lakini katika hadithi hiyo baba mmoja akaa humo miaka zaidi ya 20, kwa deni.