Mtungi na Homa: Funzo la Newala

Waandishi wa historia ya maradhi yaenezwayo na mbu aghalabu hutuelekeza kwenye kinamasi na ukingo wa mto. Lakini homa iliyozuka Newala, kusini mwa Tanganyika, katika miaka ya 1952 na 1953, iliwapata watu wa nchi kavu. Uwanda wa Makonde umeinuka juu, na mchanga wake hunyonya mvua upesi. Mito ya Ruvuma na Lukuledi hupita mbali chini yake. Mbu wale, basi, walizaliwa wapi?

Wenyeji waliiita homa hiyo chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kile kimkunjacho mtu, kwa kuwa maumivu ya viungo yaliwapinda wagonjwa. Mwaka wa 1955 Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili zake, naye W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ilivyoenea. Jawabu lilipatikana nyumbani: maji yaliyotekwa kwa taabu yaliwekwa akiba mitungini, na humo mbu aitwaye Aedes aegypti alitaga mayai.

Si haki kuwashutumu watu wale kwa uchafu. Asiye na kisima karibu hana budi kuweka akiba; dhiki ya maji ndiyo iliyompa mbu makao. Jambo hilo lilidhihirika tena Lamu mwaka wa 2004, ambapo ukame uliwafanya watu kutunza maji majumbani kwa muda mrefu bila kubadilishwa. Homa ilizuka hapo, ikafika Mombasa, na mwaka wa 2005 ikatokea Komoro na Réunion.

Kinga yake yafuata tabia za mbu huyu. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mayai yake hunata ubavuni mwa chombo, yakastahimili ukavu kwa miezi. Hivyo kumwaga maji bila kusugua chombo ni kazi nusu. Yafaa chombo kisuguliwe kila juma, kabla viluwiluwi havijawa mbu, kisha kifunikwe barabara.

Hayo ni wajibu wa mwenye nyumba. Lakini historia ya Newala na Lamu yaonyesha kuwa mtungi hujazwa kwa sababu bomba halipo au limekauka. Na kuleta maji karibu na watu ni wajibu wa watawala.