KATANI, UKINDU NA KAMBA ZA PLASTIKI: TULIVYOCHAGUA MALIGHAFI YETU



Kamati imeniomba niandike historia kwa ajili ya kitabu hiki cha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho nimemwachia Mweka Hazina, maana yeye ndiye mwenye daftari. Mimi nitaeleza historia ya kitu tunachokishika kila siku, yaani singa za katani na ukindu tunaosukia. Wanunuzi hutuuliza, eti hivi vikapu ni vya asili? Ndiyo, ni vya asili. Lakini nani alikata hilo jani, na alilipwa nini, hilo huwa hawaulizi.

Tuanze na mkonge. Hapa Tanga watu wanadhani mkonge ni wetu tangu enzi za Adamu. Asili yake ni Meksiko, na hilo jina la kizungu, sisal, ni jina la bandari ya huko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliletewa miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Ilisafirishwa miche 1,000, ikafika hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche ile 62 ndiko yalikoanzia mashamba yale ya Muheza, Korogwe, mpaka Morogoro na Kilosa.

Sasa mkonge haujikati wenyewe. Wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao ya chakula, hawakuitaka kazi ile ya miiba. Ndipo wakaletwa watu kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji na Burundi. Waliitwa manamba, maana kila mtu alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba wakafungua ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikaitwa SILABU. Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa, basi umechoka bure. Wazee wengi wa huku walikuja hivyo, na wajukuu zao tumo nao kikundini.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ndio uliokuwa ukituletea fedha nyingi za kigeni kuliko zao lolote. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Lakini kilichotumaliza zaidi ni nailoni. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia majani makavu kwa kamba yetu wakahamia kamba ya plastiki, bei ikaanguka, korona zikasimama moja moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa haifikishi tani 30,000. Nyumba za kambi zikabaki na watu wasio na kazi.

Naeleza haya kwa sababu ubishi mkubwa kuliko wote katika kikundi chetu ulihusu jambo hilihilo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 1 Juni 2019, vikapu vilianza kutakiwa sana. Wenzetu wengine wakasema tufungue sanduku tununue kamba za plastiki: zina rangi tayari, haziwashi mikono, mtu anasuka kikapu haraka na mkopo anarudisha mapema. Hoja ile haikuwa ya kijinga hata kidogo. Mama mwenye watoto wanaodaiwa ada huwezi kumwambia asubiri katani ikauke.

Akasimama bibi mmoja ambaye baba yake alikuwa manamba kutoka Kigoma. Yeye hakutaka plastiki, na katani pia hakuitaka. Alisema baba yake alikufa na makovu ya miiba, na hela yetu akina mama isirudi kununua taabu ile. Kikao kilinyamaza kimya.

Tukakubaliana hivi, na ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Katani tunanunua kwa wakulima wadogo wenye mkonge wao wenyewe. Inapimwa mbele yao na wanalipwa siku hiyohiyo, kutoka sandukuni. Muuzaji lazima atuonyeshe makapi na maji yake yanakwenda wapi. Katika jani la mkonge singa ni kama sehemu nne tu kwa mia, zilizobaki zote ni makapi na maji makali, yakiingia mtoni samaki wanakufa. Makapi yakioza vizuri ni mbolea, yule bibi mwenyewe anayatumia kwenye migomba yake. Na siku hizi anasokota uzi wa katani pajani kushinda sisi sote.

Ukindu nao una mambo yake. Mkindu ni wetu wa asili kweli, unaota mabondeni na kandokando ya mito, lakini ukikata kuti changa la katikati kila mara mti unadumaa, mwisho unakufa. Mabibi zetu walikata moja wakaacha, wakarudi baada ya miezi. Waliokuja na panga na magunia hawakuacha kitu. Tuliweka faini kwa anayeleta ukindu wa mti uliokatwa moyo, na tumepanda machipukizi bondeni, ingawa yanakwenda polepole mno.

Rangi bado hatujaelewana. Mdaa unatoa weusi mzuri, manjano na mzingefuri tunavipata nyumbani, lakini mdaa unachimbwa mizizi, na ukichimba mizizi umeua mti. Wengine wanataka turudi kwenye rangi za unga za dukani. Jambo hilo limo katika ajenda ya kikao kijacho, na mwenye mche wa mdaa aje nao.