Mikono Iliyoshukiwa

Shingo ilinikakamaa nikiandika tasnifu. Mtaalamu wa fiziotherapia aliikanda polepole, akiuliza kila mara, "Hapa panauma?" Sikuwaza kwamba mikono kama yake iliwahi kushukiwa.

Mwaka 1894, jarida la British Medical Journal lilionya kwamba baadhi ya nyumba za kukandia watu London zilikuwa madanguro. Wauguzi wanne, akiwemo Rosalind Paget, wakaunda chama ili kuilinda kazi yao. Masharti yalikuwa makali: hakuna kukanda bila maelekezo ya daktari, wala kujitangaza nje ya majarida ya kitabibu. Mwaka 1920 walipata hati ya kifalme.

Wao waliitafuta imani kwa miaka 26. Mimi nilikabidhi shingo yangu bila kuuliza.