Uvukaji wa Wahusika katika Hadithi za Kiswahili: Sungura, Abunuwasi na Kalulu kwenye Njia ya Misafara ya Unyamwezi

Ikisiri

Kukutana kwa wahusika wa hadithi mbalimbali ndani ya hadithi moja kumezoeleka kuhesabiwa kuwa zao la vitabu vya katuni vya Marekani. Makala hii inaonyesha kuwa fasihi ya Kiswahili ilikuwa na uvukaji wa namna hiyo tangu karne ya 19, na kwamba ulifuata kanuni zake. Data zimetoka katika mkusanyiko wa Steere (1870), visa vya Abunuwasi, na historia ya majina mawili, Juha na Kalulu. Hoja kuu ni kwamba katika Kiswahili mhusika mgeni haji na ulimwengu wake. Huingia kwa kukalia nafasi iliyokuwa ya mwingine, na kuna kitu anachokiacha njiani. Makala inadai pia kuwa historia ya uvukaji huo haiwezi kuandikwa kutoka pwani peke yake.

1.0 Utangulizi

Bukene ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, penye stesheni ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla yake, nchi hiyo ilipitwa kwa miguu. Mwezi Julai 1858 John Hanning Speke alitoka Kaze, kituo cha wafanyabiashara karibu na Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kupitia Unyamwezi, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo baadaye aliliita Victoria. Hakufungua njia mpya. Aliongozwa na watu waliokuwa wakiipita kwa shughuli zao.

Msomaji wa fasihi anaposimama mahali kama Bukene huiona ramani ya hadithi za Kiswahili kwa namna isiyo ya kawaida. Vitabu vingi vya historia ya fasihi huanzia Lamu, Mombasa na Unguja, kisha huitazama bara kama mahali ambapo lugha na hadithi zilipelekwa. Kwa mtazamo huo, mhusika wa kigeni anayeonekana bara ameletwa, na mhusika wa bara anayeonekana pwani hapewi historia yoyote.

Swali hilo linahusiana na jambo linalojadiliwa sana katika taaluma ya katuni. Mwaka 1976 kampuni za DC na Marvel zilitoa kwa pamoja kitabu ambamo Superman na Spider-Man walikutana. Mkutano huo ulihitaji makubaliano, kwa kuwa kila mhusika alikuwa na mwenyewe, mji wake na historia yake iliyolindwa kisheria. Katika makala hii istilahi uvukaji wa wahusika inatumika kwa tendo la mhusika kutoka katika mkondo wa hadithi uliomzaa na kutenda ndani ya mkondo mwingine. Linaloulizwa ni hili: pale ambapo wahusika hawakuwa na mwenyewe wa kuwazuia, uvukaji uliongozwa na nini?

2.0 Njia, Wapagazi na Hongo

Richard Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kaze tarehe 7 Novemba, safari ya zaidi ya miezi minne. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao Rockel (2006) amewaeleza kuwa wafanyakazi wenye ujuzi, nidhamu na heshima ya kazi yao. Walifika pwani, wakakaa wakingoja mizigo, wakarudi makwao, na wengi walirudia safari hiyo mara nyingi. Masimulizi yaliyotembea kwa miguu ya watu hawa hayakuweza kuwa ya upande mmoja.

Desturi mbili za njia hiyo zinafaa kuzingatiwa. Ya kwanza ni hongo. Leo neno hili lina maana ya rushwa, lakini katika lugha ya misafara lilikuwa ushuru ambao msafara uliulipa kwa mtemi ili upite nchini mwake. Ya pili ni utani. Uhusiano wa utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, unawaruhusu watu wa makabila mawili kuchezeana maneno ambayo kwa mtu baki yangekuwa matusi. Hongo ilifanya kuvuka kuwe na gharama. Utani ulimpa mgeni nafasi ya kukaa barazani pa wenyeji. Desturi zote mbili zinasaidia kueleza yaliyowapata wahusika wa hadithi.

Waandishi wa Kiswahili walioielezea njia hiyo hawakuandika hadithi zilizosimuliwa kambini. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, na habari za safari ya Selemani bin Mwenye Chande zilizochapishwa na Velten (1901) zinahusu biashara, vita, njaa na hongo. Kwa hiyo ushahidi wa uvukaji hauna budi kutafutwa ndani ya hadithi zenyewe, katika umbo lake na katika maneno yake.

3.0 Sungura katika Nafasi ya Mbweha

Mfano ulio wazi zaidi ni Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika hadithi alizozikusanya Unguja. Kima amefanya urafiki na papa. Papa anambeba mgongoni kumpeleka kwao, na katikati ya bahari anamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa moyo wake ameuacha mtini. Akisharudishwa pwani anakataa kushuka tena, na anamsimulia papa habari za punda wa dobi: punda alishawishiwa kwenda kwa simba, akashambuliwa, akaponyoka, kisha akakubali kurudi mara ya pili na kuuawa. Mjumbe aliyemshawishi akala moyo na masikio, na simba alipouliza, akajibiwa kuwa punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo asingerudi.

Hadithi hii ni ya kale. Imo katika Panchatantra ya Kihindi, ambamo rafiki wa kima ni mamba, na katika Kalila na Dimna, tafsiri ya Kiarabu ya Ibn al-Muqaffa ya karne ya 8, ambamo rafiki huyo ni kobe. Katika Kalila na Dimna mjumbe wa simba ni mbweha. Katika kisa cha Unguja mjumbe huyo ni sungura.

Badiliko la mamba na kobe kuwa papa linaelezeka kwa mazingira: msimulizi anaishi ufukweni. Badiliko la mbweha kuwa sungura halielezeki hivyo, kwa sababu mbweha yupo Afrika Mashariki na jina lake lipo katika Kiswahili. Kilichomwondoa mbweha ni kwamba nafasi ya mjanja mdogo anayemzidi akili simba tayari ilikuwa na mwenyewe, naye ni sungura wa hadithi za Kibantu. Mtambo wa hadithi ulitoka ng'ambo. Mtendaji wake akatoka katika hadithi nyingine kabisa.

Sungura naye alilipa hongo. Katika hadithi nyingi za bara na pwani yeye humshinda simba kwa faida yake mwenyewe na kwa kuwalinda wanyonge. Hapa anamtumikia simba na kumpeleka mnyonge kwenye kifo chake. Amepata hadithi mpya, lakini amepoteza upande aliozoea kuusimamia.

Sarufi ya Kiswahili iliurahisisha uvukaji huo. Nomino za viumbe hai, hata zile ambazo umbo lake si la ngeli ya M-/WA-, huchukua upatanisho wa ngeli hiyo. Sungura akamwambia simba. Abunuwasi akamwambia sultani. Kiambishi cha nafsi na kiambishi cha mtendwa ni vilevile, wala hakuna alama ya kisarufi inayomtenga mgeni na mwenyeji, au mnyama na mtu.

Huenda ikapingwa kuwa sungura hakuhitaji kutoka Unyamwezi, kwani Wazaramo, Wamijikenda na jamii nyingine za pwani walimjua tangu zamani. Pingamizi hilo ni la haki, na makala hii haidai kuwa wapagazi ndio waliomleta sungura Unguja. Dai lake ni dogo zaidi: katika karne ya misafara sungura alikuwa mhusika ambaye msimulizi wa pwani na msikilizaji wa bara walimfahamu pamoja bila kuelezana. Mhusika wa aina hiyo ndiye anayefaa kuingizwa katika hadithi ya kigeni.

4.0 Abunuwasi na Juha

Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki karibu mwaka 814. Katika Alfu Lela Ulela anaonekana akiwa na Harun al-Rashid. Katika Kiswahili ushairi wake umesahauliwa, naye amekuwa mtu wa kawaida anayewaumbua matajiri, makadhi na masultani. Moja ya visa vyake maarufu ni kile cha sufuria iliyozaa na baadaye ikafa. Kisa hichohicho, kwa Waturuki, ni cha Nasreddin Hodja, na katika nchi za Waarabu kinahusishwa na Juha.

Abunuwasi amekalia nafasi ya Juha kama sungura alivyokalia ya mbweha. Je, Juha alikwenda wapi? Kiswahili kina nomino juha, wingi majuha, yenye maana ya mpumbavu. Mtu anaweza kuihusisha na mzizi wa Kiarabu j-h-l uliozaa jahili. Hoja ya kifonolojia inaelemea upande mwingine: maneno yenye mzizi huo huhifadhi l, kama jahili na ujahili, kwa sababu kawaida ya Kiswahili ni kuongeza irabu mwishoni, si kudondosha konsonanti. Umbo juha linalingana moja kwa moja na jina la mhusika. Ikiwa ndivyo, visa vya Juha vilihamia kwa Abunuwasi, na jina lake likabaki nomino ya kawaida.

5.0 Kalulu: Jina la Msafara

Katika lugha kadhaa za Malawi na Zambia kalulu ni sungura, hasa yule mjanja wa hadithi. Misafara ya Wanyamwezi ilifika upande huo. Msiri, aliyetawala Katanga hadi alipouawa mwaka 1891, alikuwa na asili ya Unyamwezi. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Unyanyembe, alipewa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina hilo, na watu wa msafara wakampendekezea Kalulu, ambalo yeye alilieleza kuwa ni neno la Kiswahili la mtoto wa paa. Neno lilikuwa njiani, na maana yake ilikuwa imeteleza.

Mwaka 1873 Stanley alitoa riwaya ambayo shujaa wake anaitwa Kalulu. Mtoto mwenyewe alikufa maji katika Mto Kongo mwaka 1877. Huu nao ni uvukaji, kutoka maisha hadi riwaya, na hongo yake ilikuwa nzito kuliko zote: mtoto alipokonywa jina alilokuwa nalo, na ni jina la msafara lililobaki vitabuni.

Tangu miaka ya 1950 wasomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya wamemjua Juha Kalulu, mhusika wa katuni aliyebuniwa na Edward Gitau. Hapa hailengwi kueleza nia ya mchoraji, bali namna jina linavyosomeka. Sehemu ya kwanza ni mpumbavu wa Kiarabu aliyekuwa amegeuka nomino ya kawaida. Ya pili ni sungura mjanja wa bara. Upumbavu na ujanja vimekaa katika jina la mtu mmoja, na ka- ya udogo imeganda ndani yake huku kitenzi kikipatana naye kama mtu yeyote: Juha Kalulu alikwenda. Kwa msomaji anayezijua asili zote mbili, jina hilo peke yake ni mkutano wa wahusika.

6.0 Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kanuni moja. Katika katuni za Marekani wahusika wawili hukutana huku kila mmoja akibaki na nafasi yake; katika hadithi za Kiswahili nafasi ni moja, na anayeingia humwondoa aliyekuwapo au hujipachika katika jina lake. Ndiyo maana kuziainisha hadithi hizi kuwa za Kiarabu, za Kihindi au za asili kunaficha tukio lenyewe.

Jambo hili lina uzito nje ya taaluma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi. Ulinzi huo ni muhimu, lakini unazua swali la mipaka: sungura wa Punda wa Dobi ni urithi wa nani? Jibu la haki halina budi kumtaja msimulizi wa Unguja, Ibn al-Muqaffa na Panchatantra. Halina budi kuwataja pia watu wa njia iliyopita Unyamwezi, waliobeba mizigo wakiwa na majina yao, ambayo mara nyingi hakuna aliyeyaandika.